Doa kwenye Paja la Jeuri

Bi Dobi hajawahi kushindwa na doa. Kutu, damu, mafuta ya mashine, vyote vimepita mikononi mwake vikatoka vinalia. Mteja akimwambia, "Hili halitoki," huyo kamchokoza. Basi mtu wa namna hiyo ndiye ambaye mbwa wake aliota uvimbe.

Mbwa anaitwa Jeuri, na jina hakulipata bure. Uvimbe ulimtoka pajani, ukakua mpaka ukawa kama kitunguu. Bi Dobi akamfikisha hospitali ya wanyama. Daktari, kijana mpole wa miwani, akasema ni saratani, ila ipo dawa wanaijaribu.

"Mama, mwili una askari wake, tunawaita kingamwili. Sisi tumetengeneza wengine, wanaujua uvimbe wa aina hii tu na kuushambulia. Mbwa hupata saratani bila kupandikizwa, kama sisi watu. Ikimfaa Jeuri, kesho huenda ikatuonyesha njia ya kuwatibu watu."

"Askari wako wasiguse penye uzima."

"Ndiyo kazi tuliyowatuma, mama."

Akamtundikia dripu, akamnyoa, akauzungushia uvimbe duara la wino wa zambarau. Siku ya kurudi, akasema, atakata kinyama kidogo humo humo ndani ya duara, aone kama askari wameingia. Asipoona, Jeuri hapewi dawa ya pili. Alieleza vizuri sana, lakini macho ya Bi Dobi yalikuwa kwenye ule wino.

Uvimbe ukaanza kunywea. Jeuri akarudia kufukuza kuku wa jirani. Siku moja kabla ya kurudi hospitali, Bi Dobi akamtia kwenye beseni, sabuni ya mche huku, limau kule. Wifi yake, dada wa mumewe, kakaa kizingitini anatazama.

"Wifi, unaogesha mbwa au unafua shuka?"

"Mbwa wangu haendi mbele za watu na madoa. Watasema katoka nyumba gani?"

Akasugua mpaka zambarau yote ikaingia kwenye maji. Kuringa kwake jioni ile, usiseme.

Kesho yake wakaenda hospitali pamoja na wifi, daktari akapapasa paja. Manyoya yameota, uvimbe hauonekani.

"Mama, alama iko wapi?"

Bi Dobi akatazama dari. "Wino wako hafifu."

Daktari akashusha pumzi. "Basi kosa ni letu. Siwezi kukata kwa kubahatisha. Itabidi tumtoe Jeuri kwenye majaribio."

Wifi akakohoa. Kikohozi kile Bi Dobi anakijua, tena hakipendi. Akamtazama Jeuri, naye Jeuri akamtikisia mkia, hana habari.

"Wino wako mzuri," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Ulinitoa jasho. Niliufua mimi."

"Jamani mmesikia?" wifi akaruka. "Mimi nimesikia! Nitashuhudia popote!"

"Nyamaza wewe. Daktari, jana nilipofika kwenye wino, huyu Jeuri alinitolea meno. Kwingine kote alitulia."

Daktari akacheka mpaka miwani ikamshuka. Akampa kitambaa. "Hebu sugua tena."

Bi Dobi akasugua, kutoka nyongani kushuka. Jeuri kimya, hata macho kafumba. Mara mdomo ukapanda, jino likachungulia.

"Hapo hapo!" akasema Bi Dobi.

Daktari akapeleka kidole chini ya manyoya, akakuta kitu kigumu kama punje ya dengu. Akapachoma sindano ya ganzi, akakata kinyama. Majibu yaliporudi, askari walikuwa wamejaa humo kama wageni wa harusi. Jeuri akatundikiwa dripu ya pili.

Safari hii daktari hakuchora juu. Alichoma kitone cha wino ndani ya ngozi. "Hii, mama, haitoki."

Wifi akafumba macho. Kamwambia nani!

Lakini kitone kipo mpaka leo, na Jeuri yupo, na kuku wa jirani hawana raha. Wateja wakimtania Bi Dobi kwamba lipo doa moja lililomshinda, huwajibu bila kuinua uso kwenye pasi:

"Halijanishinda. Nimelisamehe."