Breki Mpya za Gari la Baba

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na pale Tononoka maji yalikuwa yamesimama barabarani hadi nusu ya magurudumu. Nilipita polepole. Mama yangu alikuwa kando yangu, buibui amelikunja magotini asilowe, ingawa maji yalikuwa nje ya gari. Mimi ni mshonaji wa nguo za harusi, na siku ile tulikuwa tunampelekea bi harusi mmoja gauni lake Likoni. Nilikuwa nimelilaza kiti cha nyuma, nikalifunika shuka.

Tulipoanza kuteremka Feri nilikanyaga breki. Pedali ilishuka kama kawaida yake, ikagota kama kawaida yake, lakini gari halikupunguza mwendo. Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote. Mara gurudumu la mbele la kushoto likauma peke yake. Gari liligeuka upande, likapanda ukingo wa barabara na kuzima karibu kabisa na beseni la mwanamke aliyekuwa akiuza mabuyu. Watu walikuwa wamekwisha kuruka kando. Hakuumia mtu, ila mabuyu yalimwagika, na yule mwanamke alinitukana mpaka nikamnunulia mzigo wake wote.

"Subhanallah," mama akasema.

Niliogopa, siwezi kukataa. Lakini tulipokuwa ndani ya feri, hofu ilianza kunitoka na badala yake kikaingia kitu kingine. Breki zilikuwa zimekwenda wapi? Na mbona zilirudi upande mmoja tu? Nilikuwa nimeliendesha gari lile miaka mingi tangu baba alipofariki, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza mguu wangu mwembamba unasimamishaje chuma kizito namna ile.

Gari lenyewe ni dogo, la rangi ya maziwa, limenizidi umri. Kila Ijumaa baada ya swala baba alikuwa akivisugua vile vifuniko vinavyong'aa vya magurudumu, akirudi nyuma kuvitazama, akisugua tena. Mama hakulipenda sana baba alipokuwa hai. Alipoondoka, mama hakutaka libadilishwe chochote.

Kesho yake nililipeleka Tononoka kwa fundi ambaye zamani alikuwa jirani yetu Mji wa Kale. Ni mtu wa makamo, mpole, asiyependa kuharakishwa. Nilimwambia sitaki tu anitengenezee, nataka kuona. Akacheka, akaniwekea kigoda. Akapiga jeki, akafungua gurudumu, kisha akagonga taratibu chuma kikubwa cha mviringo kilichokuwa nyuma yake mpaka kikatoka.

"Hii ndiyo ngoma," akasema. "Itazame."

Ilikuwa kama sufuria iliyolazwa ubavu. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita viatu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huvisukuma viatu hivyo nje vikasugua kuta za ngoma. Ila siku ile mlikuwa pia na maji meusi, yamechanganyika na vumbi.

"Maji yakiingia humu hayana pa kutokea," fundi akasema. "Viatu vinateleza tu. Upande mmoja ukitangulia kukauka, basi ule ndio unaouma."

"Na magari ya siku hizi?"

Alinipeleka kwenye gari jingine lililokuwa limevuliwa gurudumu. Pale hapakuwa na sufuria. Palikuwa na diski, sahani ya chuma iliyo wazi, na juu yake kitu kama ngumi iliyoikumbatia pande zote mbili. Akaniambia ile ngumi ni kalipa, nayo huibana sahani kwa vibao viwili viitwavyo pedi. Maji yakiingia, sahani inayazungusha na kuyatupa.

"Gari la baba laweza kuvaa hizi?"

Akajikuna ndevu. "Sijui, dada. Tutazame."

Jibu lile lilinifurahisha kuliko lau angesema ndiyo.

Nyumbani, kumkubalisha mama breki mpya ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mama alikuwa jikoni akikanda unga wa maandazi.

"Babako alikwenda nalo hivyo hivyo mpaka Lamu," akasema, hajageuka. "Walitakiani jipya?"

"Jana ulikuwa nami, mama."

Akaendelea kukanda. Kisha akasema, "Ya ndani siyajui. Lakini nde lisibadilike kitu. Magurudumu yawe ni yale yale, na vifuniko vyake."

Sharti hilo lilituletea kazi. Fundi alikuwa amepata diski na kalipa za mbele za gari la aina ile ile, toleo lililofuata, lakini hakujua kama kalipa zingeenea ndani ya rimu za zamani. Gurudumu likishafungwa, huoni ndani. Unaweza kulizungusha kwa mkono lisiguse, kisha ukapiga kona barabarani likagusa. Alitaka kujua pamebaki nafasi gani hasa, na hakuna rula iliyoweza kuingia pale.

Nilifikiria namna ninavyopima kwapa la gauni, mahali ambapo futi hailali sawa. Huwa nabandika kitambaa chenyewe mwilini, kikachukua umbo.

"Tubandike unga," nikasema.

Fundi akanitazama kama nimesema Kichina. Kisha akaanza kutabasamu.

Nilimwomba mama donge la unga, lakini alikataa kulitoa bila kujua linakokwenda. Nilipomweleza akadhani namfanyia mzaha. Akavaa buibui, akalibeba bakuli mwenyewe, tukaenda wote Tononoka. Fundi alimwamkia kwa heshima, akamletea kiti. Tukabandika unga mnene juu ya kalipa, fundi akafunga rimu, akaizungusha, akaifungua tena. Sote watatu tukainama. Unga ulikuwa umekatwa laini kama kwa kisu, na uliobaki ulikuwa na unene wa sarafu mbili zilizopandana.

"Ndio kheri au shari?" mama akauliza.

"Kheri, mama. Padogo, lakini panatosha," fundi akasema.

"Basi toa unga wangu hapo, usituliwe na nzi."

Kazi ya kufunga ilimchukua fundi siku kadhaa, kwa sababu baadhi ya vyuma ilibidi vipelekwe kukerezwa upya. Siku aliyonikabidhi gari niliondoka nimejaa furaha. Lakini kabla sijafika Mji wa Kale niliona gari linakuwa zito, kama linalovutwa kwa nyuma. Niliposhuka nikanusa harufu ya kuungua. Nikasogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele. Joto lake lilinifikia kabla sijaligusa. La nyuma lilikuwa baridi.

Nililiacha likapoa, nikarudi nalo mdogo mdogo. Fundi akalipiga jeki akajaribu kulizungusha gurudumu. Halikuzunguka.

"Hakuna aliyekanyaga," akasema, zaidi kujiambia mwenyewe.

Tulikaa tukiitazama ile diski. Nikamuuliza, kama breki imeshika na hakuna mguu, ni nani anayesukuma? Alichukua spana, akalegeza skrubu ndogo juu ya kalipa. Mafuta yakaruka, mchirizi mmoja mfupi, na gurudumu likawa jepesi papo hapo.

"Aa!" akasema. "Mafuta hayarudi. Kuna kitu kinayazuia."

Akafuata paipu kwa kidole mpaka kwenye masta silinda, ile pampu ya breki iliyo karibu na injini, ambayo tulikuwa tumeiacha ya zamani kwa kuwa haikuwa ikivuja. Akaifungua juu ya gazeti. Mdomoni mwake, mahali pa kutokea mafuta, mlikuwa na kivalvu cha mpira na springi yake, kidogo kuliko kifungo cha shati. Tukakipokezana. Ilibidi tufikiri pamoja kabla hatujakielewa. Kiliwekwa pale kwa ajili ya ngoma. Kilikuwa kikibakisha msukumo kidogo ndani ya paipu ili viatu visirudi mbali sana. Kwa ngoma, zenye springi kali za kuvirudisha viatu, huo haukuwa na madhara. Kwa diski, ambayo haina springi, msukumo huo huo ulikuwa ni mguu usioondoka kwenye pedali.

Fundi akatafuta masta silinda ya lile toleo lililofuata. Hiyo ina sehemu mbili mbalimbali, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, hivyo upande mmoja ukivuja wa pili unabaki. Ilipofungwa ilibidi kutoa hewa kwenye paipu, na kwa hilo anatakiwa mtu wa kukanyaga pedali. Mimi nilikuwa chini na chupa ya mafuta, fundi na spana yake.

"Nitakanyaga mimi," akasema mama, ambaye siku ile nilikuwa nimekuja naye.

Hajapata kuendesha gari maishani mwake. Akavua viatu, akakaa nyuma ya usukani, mgongo wima.

"Kanyaga, mama! Shikilia! ... Achia," fundi akaelekeza.

"Mbona yateremka?"

"Ni hewa yatoka. Tena."

Alikanyaga na kuachia hata nikadhani amechoka, lakini kila mara pedali ilipozidi kuwa ngumu alitutangazia, sauti imempanda kama mtoto. "Sasa yanisukuma! Wallahi, yanisukuma!"

Tulikwenda kulijaribu Tudor, kwenye barabara inayoteremka kuelekea kwenye mkono wa bahari. Nilipita makusudi katika dimbwi, nikakanyaga. Gari lilisimama moja kwa moja, halikwenda kushoto wala kulia. Nikarudia. Mama aliteremsha kioo akachungulia gurudumu.

Si yote yaliyokuwa mazuri. Diski zinataka mguu wenye nguvu kuliko ngoma, na gari letu halina chombo cha kuusaidia. Kwenye foleni ya Feri paja huniuma, nikafika kazini nikilisugua. Fundi anasema chombo hicho kinaweza kupatikana, lakini hajui kitakaa wapi, maana nafasi karibu na injini ni finyu. Wiki iliyopita nilimkuta mama sebuleni na wageni wake wa kike. Alikuwa ameinua kisahani cha kahawa, amekibana kwa vidole pande zote mbili, akiwaonyesha jinsi gari linavyosimama. Mmoja wao akauliza, na magurudumu ya nyuma je? Mama akanigeukia.

"Ya nyuma ni ngoma bado," nikasema.

"Kwa nini?" mama akauliza.

Nikavuta kiti, nikakaa kuwaeleza.