Tarakimu Nane za Dada Rukiya

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hujiona mdogo, na umri wote huu nilio nao. Nilikuwa msichana, nimerudi nyumbani Kibokoni kwa likizo ya chuo cha ualimu, na kichwa kimenivimba kwa usomi. Dada yangu Rukiya aliachishwa shule ili amuuguze mama. Alishinda akishona kofia na kuhesabu vitundu vyake, na kwa kuhesabu huko akazipenda nambari kuliko mimi niliyezisomea.

Siku hiyo shangazi zetu walikuja kunywa kahawa (niliipika mimi, na ilikuwa mbaya). Dada akaweka sindano, akaandika 12344321 kwenye karatasi.

"Isomeni kutoka kulia au kushoto, ni ile ile," akasema kwa furaha. "Na nambari za namna hii zote zagawanyika kwa kumi na moja, maadamu..."

Sikumwacha amalize. "Si kweli, dada. Jaribu 12321, utabakiwa na moja."

Shangazi wakacheka. Mmoja akamwambia arudi kwenye kofia zake. Dada akaikunja karatasi, akaokota sindano.

Kesho yake niliketi nikaichunguza ile nambari yake. Nikaona kila tarakimu ya mwanzo ina mwenzake mwishoni, na jozi hizo zimejengwa juu ya 10000001, 100001, 1001 na 11, ambazo zote zinagawanyika kwa kumi na moja. Nikajua alichotaka kusema: maadamu tarakimu zote zina wenzao, pasibaki moja katikati. Yangu ilikuwa na tarakimu tano. Dada alisema kweli, tena aliigundua bila mwalimu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kuwaambia shangazi kwamba nimekosea. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu hesabu hiyo bila kumtaja. Naye hakunizungumzia nambari tena.

Mwaka jana aliugua, kumbukumbu zikamtoka. Nilipokwenda kumtaka radhi, aliniona mgeni. Nikamwandikia 12344321. Akaitazama sana, akazifunika kwa vidole zile 1 mbili za pembeni, kisha jozi zilizofuata, mpaka zikabaki zile 4 mbili za katikati.

"Hapana aliye peke yake," akasema. "Yagawanyika." Akaniinulia macho. "Weye u mwanafunzi wa nani?"

"Wako, dada."

Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Wiki ya pili yake tukamzika. Baada ya matanga niliigawanya nambari yake, nikapata 1122211. Nayo husomeka sawa pande zote, ila katikati ina tarakimu 2 isiyo na mwenzake, na kwa kumi na moja haigawanyiki tena. Nikalia.

Mwanangu, mtu akisema, mwache afike mwisho wa neno lake, hasa yule ambaye hakuna anayemsikiliza. Na ukimkosea mbele ya watu, rudi upesi, mbele ya watu wale wale, ukakiri. Mimi niliomba radhi kwa dada asiyenijua. Mola akujaalie wewe uiombe ungali ukiitwa kwa jina lako na uliyemkosea. Amin.