Duara Jekundu

Mpaka leo, fundi wa bodaboda hapa Masasi akifungua kabureta, harufu ile ya petroli ikinifikia najikuta nimekunja ngumi kuficha kiganja.

Baba alikuwa akiiseti kabureta ya pikapu yetu ili isile mafuta kwenye mlima wa Newala. Injini ikiwa baridi, mimi binti yake ndiye niliyeziba mdomo wa kabureta kwa kiganja ili iwake upesi, Baba akizungusha ufunguo. Ilinivuta kama mtoto anyonyavyo.

Siku moja aliizima injini, akatia ufunguo mfukoni. Nikaziba tena kwa mchezo. Ikavuta, taratibu.

"Baba, bado inavuta."

Akaweka kiganja chake pale pale, akakibana.

"Haivuti, mwanangu. Nenda ndani."

Alipouondoa mkono, niliona duara jekundu kiganjani mwake.