Miji Mgongoni

Ile fulana niliinunua sokoni Garsen, kwa mama mmoja muuza mitumba, kwa sababu ilikuwa nyeusi na nilijua haitaonyesha uchafu upesi. Kifuani ilikuwa na fuvu lenye pembe, limekumbatia gitaa linalowaka moto. Nilipofika nyumbani ndipo nikaigeuza, nikakuta mgongo mzima, kutoka mabegani mpaka kiunoni, umejaa majina ya miji. Oslo. Hamburg. Glasgow. Budapest. Kando ya kila mji palikuwa na siku na mwezi. Nilikaa nayo mapajani jioni nzima ndipo nikaelewa. Ilikuwa ziara. Bendi ya ule muziki mzito wa magitaa, wa kelele za kupasua masikio, ilikuwa imezunguka ikipiga usiku mmoja hapa, usiku mmoja pale, na mtu wa huko akanunua fulana ya ukumbusho, akaichoka, akaitupa, nayo ikaja kuangukia kwetu.

Muziki wenyewe sikuwahi kuusikia hata wimbo mmoja. Hilo wanaonijua hawaliamini mpaka leo.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini inaishia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kijijini kwetu, ng'ambo ya mto, chini kidogo ya Garsen, na kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga wa baba. Unapanda juu ya dungu la miti asubuhi, unapiga debe, unapiga kelele, ndege wanaruka, wanatua pale pale. Unapiga tena. Nilikuwa nachukia ndege wale, nachukia debe, na kuna siku nilimchukia hata baba kwa kupenda mpunga kiasi kile. Basi juu ya dungu nikawa nasoma fulana yangu, na atlasi ya shule iliyopasuka jalada nimeifungua magotini, nikifuata njia ya wale watu kwa kidole.

Halafu nikagundua kwamba sikuwa peke yangu. Kumbe Garsen nzima ilikuwa imevaa bendi ile bila kuijua. Mchinjaji wa karibu na stendi alikuwa na fulana yao ya ziara ya zamani, imetapakaa damu, lakini nusu ya miji inasomeka. Muuza miraa alikuwa na nyingine. Huyo nilimfuata kutoka stendi mpaka karibu na msikiti, nikisoma, mpaka akageuka ghafla.

"We, wanifuata nini? Wataka kuniibia?"

"Nasoma mgongo wako," nikamwambia.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Soma basi, lakini kaa mbali."

Kwa njia hiyo, mgongo kwa mgongo, niliijua historia ya safari zao. Mwanzo walikuwa wakipiga Hamburg na vijiji vidogo vya kuizunguka tu, vilivyokaribiana hivi kwamba kwenye atlasi kidole changu kilivifunika vyote. Ziara iliyofuata wakavuka bahari. Baadaye wakaanza kurudi miji ile ile, wakikaa siku mbili mahali walipokaa moja. Walifika Japani. Kusini ya ikweta walifika Brazili, basi. Afrika hawakukanyaga, wala Nairobi. Nilikasirika kweli kweli, utadhani niliwaalika mimi na wakakataa.

Bibi yangu, mama yake baba, aliichukia ile fulana. Aliniita mume wake, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na kila nilipoivaa alinigeuzia uso. "Mume wangu, mimi bado mzima, nawe umeshaleta maiti kifuani?" Nami nikamjibu kwamba ni sura yake ya harusini. Alicheka mpaka akakohoa.

Ndipo ikaja barua ya kuniita chuo cha ualimu Mombasa. Siku ya kuripoti ilikuwa imeandikwa wazi, na chini yake waliandika kwamba asiyefika, nafasi atapewa mwingine. Sikutaka hasa kuwa mwalimu. Nilitaka kuondoka. Nilimwonyesha bibi barua, akasema namwandikia talaka kwa Kiingereza.

Mvua ikaanza, ile iliyokuja kuitwa Elnino. Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sisi watu wa mtoni, maana mgeni hawezi kukielewa. Kwetu mafuriko hayakimbiwi. Tunayangoja. Mto ukitapika ndipo unaacha tope zuri, na maji yanaposhuka ndipo unapanda mpunga nyuma yake. Kwa hiyo maji yalipoingia shambani, baba alifurahi kama mtu aliyetembelewa na mkwe. Alichomeka fimbo ukingoni mwa maji, akawa anaiangalia asubuhi na jioni. Majirani walipoanza kuhamia shule ya Garsen, aliwacheka.

Lori la mwisho la Malindi lilikuwa likiondoka Minjila, njia panda ya karibu na Garsen, na msafara wa polisi, kwa sababu ya majambazi wa njiani. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Baba akasema, "Ngoja maji yashuke, tupande pamoja, halafu nenda. Wiki mbili hizi ni za mikono yako. Magari yapo siku zote." Alisema kwa upole, mwenye uhakika, na maisha yake yote mto haukuwahi kumdanganya. Nikafungua nguo zangu. Lori likaenda.

Fimbo ya baba ilizama siku iliyofuata. Akachomeka nyingine juu zaidi, nayo ikazama. Mkondo ukakata kamba ya mtumbwi wetu ukauchukua. Barabara ikakatika, Garsen yenyewe ikawa kisiwa, na sisi tukawa kisiwa kidogo zaidi: kijilima cha ardhi chenye nyumba yetu, ghala ya mpunga, baba, mama, bibi na mimi. Kila upande maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita polepole na miti, mizoga ya mbuzi, mapaa ya nyumba za watu. Ungezunguka kisiwa chote kabla sufuria ya chai haijachemka. Mimi nilikizunguka mchana kutwa. Mama aliniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Kisha akaja Mworma mmoja, mfugaji, ametembea kwenye maji ya kifua akisukuma ndama wachache waliobaki. Alikuwa rika la baba. Siku nyingine baba angemfukuza kwa sababu ya ng'ombe na mashamba, ugomvi wetu wa kale, lakini siku hiyo alimsaidia kuvuta ndama juu. Mzee yule alipovua shuka kuikamua, nikaona fulana nyeusi ndani. Nikaenda nyuma yake bila hata salamu. Ilikuwa ile ziara ya vijiji, ya kwanza kabisa, ambayo mgongo wa mchinjaji ulikuwa umeifuta nusu kwa damu.

Nikamsomea. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Hii watu iko na ng'ombe?"

"Hawana, mzee."

"Sasa hiyo watu nahama kwa nini?"

Nikamwambia wanafuata watu wa kuwaimbia. Kesho yake akataka nimsomee tena, wangu na wake, na alipoisikia Hamburg mara ya pili akaniinulia mkono. "Hiyo jana ulisoma kwa mgongo yangu."

"Ndiyo. Walirudi, miaka imepita."

"Basi iko malisho huko," akasema, ameridhika kabisa. Halafu akaangalia maji. "Mimi tangu zaliwa sijakaa mahali moja hivi. Miguu nauma kwa kukaa."

Nilimpenda kwa neno hilo. Baba alikuwa akiongea habari za tope jinsi litakavyokuwa zuri, mama alikuwa akiomba, bibi alikuwa akilala. Mfungwa mwenzangu alikuwa yule Mworma peke yake. Siku ya kuripoti ilikuwa inakaribia, na kila asubuhi niliamka nikaenda kuangalia fimbo ya baba kabla yake. Helikopta za msaada zilipita juu zikielekea Garsen. Tulipunga kanga za mama, tukapiga kelele, mimi kwa sauti ile ile ya kuamia ndege. Hazikutua.

Bibi akashikwa na homa. Alitetemeka hata jua likiwa kali, akawa anaita watu waliokwisha kufa. Baba akatoa kitanda chake nje, juani, akakaa kando akimfukuzia mbu. Habari za tope aliacha.

Helikopta ilitua mchana mmoja, tulipokuwa tumeshakata tamaa ya kupunga, pengine kwa sababu rubani aliona kitanda nje, akajua pana watu. Ilishuka pale tunapopuria mpunga, ndama wakatimka, mzee akawakimbilia. Rubani alikuwa Mzungu kijana mwenye ndevu nyekundu. Alishusha gunia la mahindi na maboksi ya biskuti, injini inanguruma, kisha akaniona. Akaliona fuvu. Akanigeuza kwa mabega bila kuuliza, kama mimi nilivyowageuza watu, akaweka kidole mgongoni mwangu kwenye mji mmoja, akanipigia kelele sikioni kwa Kiingereza kwamba usiku huo alikuwepo. Alikuwepo, amesimama mbele kabisa! Nikamwuliza wanaimbaje. Akafungua mdomo, akaimba, mishipa ya shingo ikamtoka, na kwa ile injini sikusikia hata neno.

Halafu akaonyesha ndani. Kulikuwa na wagonjwa wawili wamelala na nafasi ya mtu mmoja. Anaelekea Malindi. Akaninyooshea kidole mimi, anacheka, akanipungia mkono kuniita. Nadhani hakuwa ameelewa kwamba aliyelala pale kitandani ni mgonjwa wa kuchukuliwa, pengine alidhani ni kikongwe amepumzika. Malindi na Mombasa ni safari ya asubuhi moja. Siku ya kuripoti ilikuwa bado.

Nikamwangalia baba. Nikamwangalia mama. Kama mmoja wao angeniambia "mwache bibi aende" ningepata wa kumkasirikia, na ningependa sana siku hiyo kumkasirikia mtu. Bibi alikuwa macho. "Panda, mume wangu," alisema, meno yanagongana. "Umeshaniacha siku nyingi."

Nikamwinua. Alikuwa mwepesi, na moto wa mwili wake uliniunguza kifua. Nikamwonyesha rubani, rubani akaacha kucheka, akampokea. Alivyokuwa akitetemeka nikavua fulana, nikamvalisha juu ya kanga, mikono yake nikaipitisha mmoja mmoja. Sikuwa na kitu kingine kikavu. Mlango ukafungwa. Kitu cha mwisho nilichokiona dirishani ni bega lake na mwanzo wa majina, Oslo na herufi mbili za Hamburg, kisha wakapanda na upepo wao ukaitupa fimbo ya baba majini. Nikakaa chini nikalia kifua wazi, na ukweli ni kwamba sikuwa namlilia bibi.

Maji yalikaa mpaka siku ya kuripoti ikapita, na nyingine nyingi. Yalipokuwa yakishuka tulipanda nyuma yake, baba na mimi, na mzee wa ndama akaondoka kwa miguu kuelekea kwao bila kugeuka, akitembea haraka. Niliandikia chuo. Hawakujibu.

Bibi alirudi barabara ilipofunguliwa, mbele ya lori, kando ya dereva, amenenepa. Baada ya hospitali, ndugu zetu walimchukua wakaenda naye Mombasa. Alivuka feri Likoni akarudi, akavuka tena kwa kupenda tu. Alikula aiskrimu. Aliniambia alionyeshwa chuo changu kwa mbali, kina geti la bluu. Kisha akafungua bahasha ya nailoni akanitolea fulana, imefuliwa, imepigwa pasi.

"Niliwaambia wanisomee miji yote," akasema. "Wakasoma, wakasoma, kwetu sikusikia. Nikasema haiwezekani. Nikampelekea fundi cherehani."

Chini ya mji wa mwisho, kwa uzi mweupe, fundi alikuwa ametarizi GARSEN. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za miji mingine. Bibi alikuwa ananitazama usoni akingoja nifurahi, nami nikacheka, nikamwita mke wangu, nikamshika mikono. Nilipita kidole kwenye ule uzi. Baada ya Garsen hapakuwa na mji mwingine, palikuwa na pindo tu la fulana.

Mpunga mwaka ule ulistawi kuliko miaka yote ninayoikumbuka. "Sikuwaambia?" baba alikuwa akisema kwa kila mtu. Ndege walikuja wengi ajabu. Nikavaa fulana yangu, nikachukua debe, nikapanda dungu.