Hot rod niliyoijenga nyuma ya jiko la mama huko Kakamega: ilishinda mbio, wakasema imeshindwa

Wakuu wa jukwaa, mulembe.

Naona humu vijana wanabandika picha za magari waliyonunua yakiwa tayari, kisha wanaomba sifa. Mimi nataka kuwasimulia gari nililojenga kwa mikono yangu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Sitatia chumvi. Ilivyokuwa inatosha.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa upande wa Mukumu, si mbali na mji wa Kakamega. Nilikwenda Uingereza na sanduku la mbao, nikarudi na diploma ya ufundi wa magari. Wenzangu wengi walirudi na tai. Mimi nilirudi na tai na seti nzima ya spana.

Kilichonipeleka huko ni ng'ombe. Baba alikuwa na fahali wa kupigana, kama ilivyo desturi ya watu wetu. Aliitwa Inzala, yaani njaa, maana hakumbakisha mpinzani. Baba alimuuza ili nipate nauli ya meli.

Mnunuzi alikuwa Shivachi, mwenye duka la nguo mjini. Inzala aliendelea kushinda, lakini sasa ngoma za isukuti zilimsindikiza kwenda kwa Shivachi. Baba alizisikia zikipita barabarani, akabaki ameketi nyumbani.

Sasa tuje kwa hot rod.

Kule Uingereza, Jumapili tulikuwa tunakwenda kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa tangu vita. Vijana wanachukua gari kuukuu, wanaondoa kila kitu kisichosaidia mwendo, wanatia injini kubwa: hiyo ndiyo hot rod. Magari mawili yanasimama sambamba, yanakimbia mbio moja fupi iliyonyooka, basi. Hiyo ndiyo drag. Niliapa kwamba nikirudi nyumbani nitajenga yangu.

Bodi niliipata Lugari kwa mlowezi aliyekuwa akifungasha kuondoka. Pickup ya zamani, kuku walikuwa wanalala ndani. Injini ni V8 iliyotoka kwenye lori la jeshi. Niliining'iniza kwa mnyororo kwenye tawi la mvule, nikaishusha kwenye chesi polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Nilikata paa, nikaliondoa kabisa. Boneti nikatupa, madigadi nikatupa. Mbele nikaweka magurudumu membamba ya gari dogo, nyuma matairi mapana ya lori. Egzosi nikazitoa ubavuni, nne kila upande, fupi. Umeme haukuwepo, kwa hiyo nilichomelea kwa gesi. Nenda kaulize fundi wako wa leo kama anaweza.

Majirani walikuwa wanakuja kuangalia kama msiba.

"Hii gari inakufa ama inazaliwa?" mmoja akauliza.

"Mvua ya hapa inanyeshanga kila siku," mwingine akajibu, "na yeye anakata paa. Hiyo ndiyo masomo ya ulaya."

Mama naye alikuwa na shida yake. "Mwanangu, ingokho zangu zinataga mayai kwa kiti chako. Unaendesha lini, ama niweke vifaranga?"

Baba hakuja kusimama na majirani. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anapita, anaangalia vyuma, anaendelea na jembe lake. Nilijua anachowaza: Inzala amegeuka hivi.

Siku niliyoiwasha mara ya kwanza, mkufunzi wa kwaya alisimamisha mazoezi kanisani, ng'ambo ya bonde. Nilisikia raha ambayo diploma yenyewe haikunipa.

Habari zikamfikia Shivachi. Alikuwa na gari aina ya saluni, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha askari, gari la haraka kuliko yote mjini. Akaja mpaka nyumbani, akazunguka gari langu, akacheka.

"Mzee," akamwambia baba, "Inzala amezeeka, lakini ameniachia mtoto wake dume. Kijana wako akinishinda, chukua huyo ndama. Nikimshinda, hiki chombo nakipeleka dukani, watoto wacheze ndani."

Baba akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi aniangalie hivyo. "Kijana amesikia," akasema.

Tulipanga barabara ya murram, sehemu iliyonyooka karibu na uwanja wa mafahali. Mwisho wa mbio ni mti wa mkaratusi. Wazee wakasema jambo la ng'ombe lazima liwe na mwamuzi, wakamleta Lisamula, aliyekuwa akiamua mapigano ya mafahali tangu nikiwa mdogo.

Umati ulikuja na isukuti. Walisindikiza gari langu kama fahali, wakiruka mbele yake na matawi mikononi. Wakuu, hapo ndipo nilipokosa kuona jambo. Wote walisimama pale tulipoanzia. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kungoja kwenye mkaratusi, maana nani atakaa mbali na ngoma?

Lisamula akashusha fimbo.

Niliachia klachi. Matairi yalichimba murram, gari likainua pua, na nilipoangalia pembeni Shivachi hakuwepo. Nilifika kwenye mkaratusi yeye akiwa hata nusu ya njia hajafika. Alipoona hivyo alisimama, akageuza, akarudi kwa umati.

Mimi nikarudi taratibu, nimekaa wima, nikingoja kubebwa.

Nikakuta wanacheza. Wanacheza kuzunguka saluni ya Shivachi.

"Mzee Lisamula, kuna nini hapa? Nimeshinda."

"Umeshinda wapi, mwanangu? Fahali anayekimbia ameshindwa. Anayebaki uwanjani ndiye mwenye uwanja. Wako ametoka hapa mbio, na moshi, mpaka hatumwoni. Huyu amerudi."

"Lakini haya yalikuwa mashindano ya kukimbia."

"Hata mbwa akikanyagwa mkia anakimbia," Lisamula akasema. "Hajashinda mtu."

Watu wakaangua kicheko. Shivachi naye alijua vizuri kilichotokea njiani, lakini aliegemea mlango wake akitabasamu. Nikaanza kueleza habari za mbio za drag, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyesikia. Baba alikuwa ameshageuka kwenda zake.

Nikazima injini, nikasimama juu ya kiti.

"Sawa. Kama ni mafahali, basi yapigane kama mafahali. Uso kwa uso."

Ngoma zikanyamaza, kisha zikaanza upya kwa nguvu. Shivachi angekataaje mbele ya isukuti?

Nilifunga gogo mbele ya gari langu ili radieta isipasuke. Tukagusanisha pua. Fimbo ikashuka, nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga.

Matairi yalizunguka bure. Vumbi tupu. Saluni ikaanza kunisukuma nyuma, kidogo kidogo, na watu wakapiga kelele.

Hapo sasa diploma ilifanya kazi. Hot rod ni nyepesi, nguvu yangu ilikuwa inaishia kwenye vumbi kwa sababu nyuma hapakuwa na uzito. Nikapiga kelele, "Mtu apande nyuma. Juu ya ekseli."

Hakuna aliyesogea. Nani apande chombo cha aibu?

Kisha nikasikia gari linazama nyuma. Nikageuka. Baba alikuwa amepanda na gambuti zake, ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili.

"Inzala," akaita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. "Inzala, usiniache."

Vijana wawili watatu wa ukoo wakarukia nyuma yake. Matairi yakauma ardhi. V8 ikanguruma, saluni ikasimama, ikatetemeka, ikaanza kurudi. Harufu ya klachi ya Shivachi ikatufikia. Alipoona mtaro unamkaribia, alitia rivasi mwenyewe, akajinasua, akakata usukani kuukwepa, akaondoka kinyumenyume mpaka kwenye mahindi ya watu.

Lisamula hakuhitaji kufikiri. Akainua fimbo. "Amekimbia."

Ndama aliletwa nyumbani kwa isukuti, na baba alitangulia mbele, akicheza. Usiku huo tulikula obusuma, yaani ugali, na ingokho, na mama alichinja mmoja wa wale waliokuwa wakitaga kwenye kiti changu.

Nimejenga magari mengi baada ya hapo, na gereji yangu imewalea mafundi wengi wa mkoa ule. Lakini nilichojifunza ni hiki: ukirudi na ujuzi wako, ushinde mahali ambapo watu wako wamesimama. Mkaratusi hauna macho.

Yule ndama alikua, akawa bingwa kama baba yake. Mzee wangu ndiye aliyempa jina. Alimwita Diploma.

Karibuni kwa maoni, na mwenye swali la V8 aulize, nipo. Anayetoka pande zile amuulize babu yake kama anamkumbuka Diploma. Atamkumbuka. Mimi huenda asinijue.