Juma la Italia na Maziko ya Mdogo Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, someni polepole kama mimi nilivyoandika polepole. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipougua na mdogo wangu bado ananyonya. Wa kumbeba mgongoni nilikuwa mimi. Kwa hiyo msitafute maneno mazuri hapa. Mdogo wangu huyo alikufa Lubumbashi siku ya Jumapili, mwaka juzi, na mimi sikuambiwa mpaka Jumatano. Siku hizo nilikuwa Italia, kando ya bahari, na nilikuwa nacheka.

Safari ilikuwa ya mwanangu. Ninakaa naye hapa Brussels, Etterbeek, pamoja na mke wake na mabinti wao wawili, mmoja wa miaka kumi na minne, mwingine wa sita. Kazi yake ni kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu wengine, na miaka yote likizo yake ilikuwa kulala. Mwaka ule akasema tutakwenda sote katika klabu moja ya familia, mahali ambapo chakula, vinywaji na michezo vyote vimekwisha kulipwa. Wanakufunga bangili ya plastiki mkononi, basi, unakula mpaka uchoke.

Nikamwuliza mwanamke wa umri wangu atafanya nini huko.

"Maman, utakaa tu. Utakula, utakaa."

"Hapa sikai? Hapa sikule?"

"Hapa unapika. Kule wazungu ndio watakupikia. Donc weye utakuwa patronne, bosi."

Mke wake akanipeleka Chaussée d'Ixelles, barabara ya maduka, kununua vazi la kuogelea. Nilichukua jeusi, lenye mikono na kisketi. Msichana wa duka akasema linanipendeza. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha sokoni kwamba sikuja kupendeza, nilikuja kujifunika. Mkwe wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Juma moja kabla ya kuondoka nilimpigia simu mdogo wangu. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na mguu mmoja ulikuwa umeanza kuoza. Alikuwa mtu wa mizaha. Siku hiyo pia alianza na mizaha, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, nikikufa musinizike karibu na ule bwana. Mukinilalisha pale, nitaamuka."

Bwana mwenyewe, mume wake, alikuwa amekwisha kufa zamani. Alimtesa. Watoto hawakujua, mdogo wangu alificha kila kitu ili wampende baba yao, na walimpenda.

"Usiseme mambo ya kufa," nikamwambia. "Kunywa dawa yako."

"Dawa nakunywa. Sikiya kwanza. Nililala na yeye miaka makumi mbili na saba, Yaya. Inatosha. Munipeleke Likasi, kwa maman."

"Ambia batoto yako."

"Nitabaambia nini? Baba yenu alikuwa ananipiga? Hapana. Siku ile batakuuliza weye. Utasema tu Likasi. Si neno moja tu hilo? Haliwezi kukushinda."

Nikamwambia sawa. Nitasema Likasi, kule alikozikwa mama yetu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifa, wanamwuliza mkubwa wa ukoo wake azikwe wapi, na jeneza halitoki nyumbani mpaka huyo mkubwa aseme. Wazazi wetu na kaka zetu wote walikuwa wamekwenda. Mkubwa aliyebaki nilikuwa mimi.

Tulifika klabu Jumamosi. Mahali penyewe pazuri, siwezi kusema uongo. Nyumba nyeupe nyeupe, miti ya misonobari, bwawa kubwa na bahari nyuma yake. Kilichonikera ni meza za chakula. Watu walijaza sahani kama wanaojaza gunia, wakala nusu, wakaamka kwenda kujaza nyingine. Niliwaambia wajukuu zangu, sahani uliyojaza mwenyewe unaimaliza mwenyewe, hata wakija kuifuta meza ukiwa bado umekaa. Yule mdogo alikaa na tambi zake karibu saa nzima.

Jumapili saa za mchana mwanangu alitoka kwenye baraza ya chumba akiwa na macho mekundu. Akasema mafuta ya jua yameingia machoni. Kisha akasema, "Maman, nipe telefone yako. Nitakuwekea forfait ya Italie, upate kuita ukiwa huku." Nikampa. Jioni nikaiomba. Akasema bado iko kwenye umeme. Jumatatu nikaiomba tena, mkwe akasema mtandao wa huku haushiki vizuri, nipumzike tu na simu.

Na mwanangu akawa mpole. Si mtu mpole huyo, ni mtu wangu, anajibu kwa ukali kama mimi. Sasa alinibebea sahani, alinivutia kiti, nikikaripia hakubisha. Nilidhani ni likizo imemfanya hivyo. Nikamsifu moyoni, na mimi mwenyewe nikaanza kulegea.

Palikuwa na msichana wa michezo, mwenye kipaza sauti, kila saa nne asubuhi anakusanya watu bwawani wafanye mazoezi ndani ya maji na muziki. Aliniita Nonna, yaani bibi kwa lugha yao, kama wajukuu zangu wanavyoniita Nkambo. Nonna, njoo. Jumatatu nilikataa. Jumanne niliingia. Maji yalinifika kifuani, magoti yakaacha kuuma, mikono ikaenda juu na wengine. Mjukuu wangu mkubwa akapiga picha. Tangu nifike Ulaya sikumbuki siku niliyocheka vile. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni na taulo begani, akinitazama, na nikaona amegeuza uso.

Jumatano baada ya chakula cha mchana nilimwambia mjukuu mkubwa anionyeshe hizo picha. Tukakaa chini ya mwavuli, yeye anasukuma picha kwa kidole. Nikiwa nimekunja uso. Nikiwa nimecheka. Nikiwa na mikono juu. Akaniambia ameziweka pale ambapo jamaa zake wote wanaziona. Ujumbe ukashuka juu ya picha. Nasoma polepole lakini nasoma. Ulitoka kwa binti wa mdogo wangu, Lubumbashi. Uliandikwa hivi: "Toa zile picha. Maman iko mu morgue na Nkambo yako iko nacheza mu maji. Kesho tunazika, muko na roho gani?"

Mtoto akaficha simu kifuani. Akasema, "Nkambo, papa alisema tusikuambie."

Kwetu mwanamke akipata habari kama ile anajitupa chini, na wenzake wanamshika. Mimi nilikaa. Nani angenishika? Kulikuwa na mtu analala jua upande huu, na mwingine anakula aiskrimu upande ule. Nikajifunika taulo mpaka kichwani, nikamwambia mtoto akamwite baba yake.

Mwanangu alikuja, akachuchumaa mbele ya kiti changu. Hakukana.

"Alikufa lini?"

"Dimanche asubuhi."

"Na weye ulijua tangu Jumapili."

"Nilijua, maman. Ungefanya nini huku? Uko na tension, damu inapanda. Nilitaka ufike kwanza nyumbani. Ba maman ba kanisa banakungojea samedi, siku ya kurudi, bon, wangekukalisha, wangekuambia vizuri. Ni weye ulitufundisha vile."

Hilo lilikuwa kweli, na naliandika hapa ili msifikiri ninamlaumu peke yake. Baba yake alipofariki, binti yangu mkubwa alikuwa mbali, katika mitihani ya mwisho. Nilimficha siku tisa. Nilisema habari ya kifo haipelekwi njiani, inapelekwa mtu akiwa amekaa, na watu pembeni. Mwanangu alikuwepo akisikia.

"Na neno?" nikamwuliza. "Kesho wanazika. Nani aliwapa neno la mkubwa?"

Akatazama miguu yake.

"Waliuliza, maman. Kila siku waliuliza. Nikasema maman anakubali, azikwe karibu na papa yabo. Ni pale bwana yake alipo. Ungesema kitu ingine?"

Nikasema nipe simu.

Sasa sikieni vizuri. Muda ulikuwapo. Kaburi lilikuwa limechimbwa lakini jeneza lilikuwa bado, na Likasi si mbali, ni safari ya saa mbili na kidogo. Nilipokuwa nasubiri simu iite, neno lilikuwa tayari kinywani. Likasi.

Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu akapokea. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Maman mukubwa. Tunashukuru umeita. Bale bote bako hapa, bazee ba upande wa papa bako hapa, nakuweka kwenye haut-parleur, sauti ya juu, basikie."

Nikasikia viti, nikasikia mtu anakohoa. Mzee mmoja, kaka wa yule bwana, akasema, "Maman, pole sana. Tulipata neno lako kupitia mutoto yako, na tulilifurahia. Sasa tulisikia maneno mengine huku, kwamba weye unacheza Italie na haujui kitu. Batoto banavunjika moyo. Utuambie mbele ya bote. Lile neno ni la kwako ao si la kwako?"

Mwanangu bado alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Alisikia kila kitu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo amevunja kitu.

Nikisema si langu, mwanangu ni mwongo mbele ya ukoo mzima, aliyesema juu ya maiti neno asilopewa. Jambo kama hilo halisahauliki kwetu. Angebaki nalo mpaka uzee. Tena ningelazimika kueleza kwa nini Likasi, mbele ya ndugu za yule bwana, na watoto wangejua siku moja kabla ya kumzika mama yao kwamba baba yao alikuwa mtu wa namna gani. Hayo niliyafikiri kwa muda wa pumzi mbili. Muziki wa mchana wa bwawani ulikuwa umeanza. Niliogopa wausikie.

Nikasema, "Ni la kwangu. Mimi nilisema."

Mzee akasema asante. Watoto wakasema asante. Nikarudisha simu.

Mimi niliyewachapa watoto wangu wote kwa sababu ya uongo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimkinga mwanangu au niliogopa tu. Sijui. Nikiwa naosha vyombo nasema nilimkinga. Nikiwa kanisani nasema niliogopa.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Mkwe wangu alimwomba mwanamke wa mapokezi mahali penye utulivu, wakatupa chumba cha masanduku, pale ambapo wageni wanaacha mizigo siku ya kuondoka. Kabla ya kuingia niliomba mkasi. Yule mwanamke akasema nikiikata bangili sitapata chakula mpaka wanipe nyingine. Nikaikata. Mtu hazikwi ukiwa na kitu cha karamu mkononi. Nilivaa kitenge changu kikavu, nikakifunga kiunoni kama mfiwa, tukakaa juu ya masanduku ya watu, sisi watano, simu ya mwanangu imeegemezwa kwenye begi la mtoto la rangi ya waridi.

Kwenye kioo cha simu tuliona watu wa Lubumbashi, tukaona kaburi la yule bwana, la vigae vyeupe, na shimo jipya pembeni yake. Karibu kabisa. Shimo lilikuwa karibu kuliko nilivyofikiri. Wakaanza kuteremsha jeneza, na picha ikaganda. Jeneza likabaki hewani, kamba zimekazwa. Mwanangu akashika simu, akaiinua juu, akaizungusha. Picha iliporudi, walikuwa wanatupa udongo.

Nililia pale. Mkwe wangu alinishika, yule mdogo naye akanishika mguu. Nilimwomba mdogo wangu msamaha kwa sauti, lakini kwa maneno ambayo wengine hawakuyaelewa, maana walikuwa hawajui niliahidi nini.

Siku mbili zilizobaki sikutoka chumbani. Waliniletea matunda. Jumamosi tukashuka Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, tukafika nyumbani, na kweli, akina mama wa kanisa walikuwepo, viti vimeondolewa, mikeka imetandikwa. Wakanikalisha. Wakaniambia vizuri, kwa utaratibu, na maombi. Niliwasikiliza kama mtu asiyejua, kwa sababu walikuwa wameamka mapema kupika bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, kwa ajili yangu. Wakati wa kulia nililia tena, na hapo sikuigiza.

Kilio kilipokwisha na watu wakarudi kwao, nilimwita mwanangu jikoni, nikamwambia habari ya Likasi. Yote. Vipigo, ahadi, na jinsi neno lilivyokuwa kinywani mwangu nikalimeza. Sikutaka abebe mzigo huo, lakini sikuweza kuubeba peke yangu ndani ya nyumba moja na yeye. Alisimama akishika sinki.

"Kwa nini hukusema, maman? Si ungesema tu mimi nilidanganya."

"Ungependa niseme?"

Akafungua bomba, akalifunga. Halafu akasema, "Tunaweza kuwaambia sasa. Wamuhamishe."

"Mutu hafukuliwi sababu ya makosa yetu. Mwache."

Hatujalizungumza tena. Hunipigia simu kutoka kazini mara mbili kwa siku, kitu ambacho hakukifanya zamani, na mimi humwambia afanye kazi yake.

Jioni ileile ya mazungumzo ya jikoni niliwaita wote mezani, yeye, mke wake na wasichana, nikazima televisheni. Nikawaambia: kuanzia leo, katika nyumba hii, kifo kikitokea mahali popote, mimi naambiwa siku ileile na saa ileile, hata nikiwa naumwa, hata nikiwa njiani, hata nikiwa nakula. Simu yangu inakaa kwangu. Na mtu akiuliza neno langu, nipeni simu, niliseme mwenyewe.