Nyumba Zote Nilizikagua Isipokuwa Moja

Kosa ni langu, na msinihurumie mapema. Mkimaliza kusoma mtakuwa mmebadili nia.

Mimi ndiye ninayesimamia ploti ya mama mkwe wangu huku Riruta. Wapangaji huniita Mama Ploti, kwa kuwa sina mtoto wa kuniitia jina lake. Na nina sifa moja: haingii mtu nyumbani kabla sijaikagua nyumba kwa tochi. Naangalia dari, soketi, unyevu nyuma ya sinki, hadi mpangaji anachoka na kuketi juu ya godoro lake uani.

Sasa sikilizeni ujinga wa huyo mkaguzi.

Baada ya miaka tisa ya ndoa, mimi na mume wangu tulienda kliniki moja Kilimani. Wakachanganya mayai yangu na mbegu zake kwenye maabara, tukapata viinitete viwili tu. Viwili! Nesi alitupatia picha yao, na mume wangu akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kabla ya kuvipandikiza, daktari alitaka kuangalia ndani ya mfuko wangu wa uzazi kwa kamera nyembamba.

"Ni dakika chache tu, mama. Nikipata kitu huko, natoa kwanza, ndio tuweke. Ushawahi kusafishwa tumbo?"

"Sijawahi," nikajibu, mume wangu akiwa ameketi kando yangu.

Uongo mtupu! Nikiwa chuoni, kabla sijamjua, mimba iliniharibikia nikasafishwa hospitalini, na nilisikia kusafishwa huacha makovu. Sikuwahi kumwambia. Yeye ni mzee wa kanisa, na mimi nilishajiona nimelala pale, yeye akikodolea skrini macho, kamera ikimsomea siri yangu kama taarifa ya habari.

"Daktari, skani ilisema niko sawa," nikasema. "Hiyo kamera wachana nayo."

Alinisihi. Nikatia sahihi kwamba nimekataa, tena kwa mbwembwe, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Vyote viwili vikawekwa. Wiki mbili baadaye majibu yakaja: hakuna mimba.

Mume wangu akajilaumu. Alishikilia kwamba mbegu zake ndizo dhaifu. Akaacha nyama choma, akawa anatafuna mbegu za maboga kila asubuhi kama kuku, akanunua suruali pana hadi wapangaji wakamcheka. Jumapili moja, mama yake alipoanza kunichokonoa mbele ya jamaa zao, akasimama.

"Mum, wachana na bibi yangu. Shida iko kwangu."

Nami nikafanya nini? Nikainamisha kichwa, nikaendelea kula chapati. Hata nikaongeza ya pili!

Daktari alikataa kuanza upya bila kamera. Safari hii nikakubali. Pale mlangoni, nesi akamgeukia mume wangu: "Mzee, ngoja hapa nje. Huku ndani huwa hatuingizi mabwana."

Jamani! Miezi yote ile niliogopa skrini ambayo hata hangeiona!

Makovu yalikuwepo, yameshikanisha kuta za mfuko. Daktari aliyakata. Akaniambia yangetolewa mapema, vile viwili vingekuwa na nafasi nzuri zaidi. Tukajaribu kupata mayai mengine, halikutoka hata moja la kufaa. Kwa hivyo nyumba sasa imekarabatiwa, na mpangaji hayupo.

Nilimweleza mume wangu yote tukiwa garini, nje ya kliniki. Nilidhani atakasirikia mimba ya chuoni. Wapi!

"Hiyo ya chuo ilikuwa kabla yangu," akasema. "Lakini wewe, watu hata huwajui, unawakagulia mpaka choo. Wale wangu uliwaingiza tu hivyo?"

Nikafunga mkanda, naye akawasha gari.

Mbegu za maboga ameziacha. Amerudia nyama choma, na siku hizi ananiita Mama Ploti kama wapangaji wanavyoniita. Ile picha bado iko kwenye Biblia yake.

Dada unayesoma haya kwenye benchi la kliniki, daktari akikuuliza, sema ukweli. Bwana yako akiwa hapo, mtume akanunue maji! Na wakikuambia kuna kamera, kubali. Mpangaji wangu akikuta unyevu hubeba godoro lake akahamia ploti ya jirani. Wale wawili hawakuwa na pengine pa kuhamia.